Emanuel Wawili Chini ya Paa Moja

Lisboni, 6 Novemba 1939

Mwanangu Hedi,

Mimi ni mzima. Nalitanguliza hilo ili usije ukalitafuta katikati ya malalamiko yangu, maana leo nina malalamiko ya kutosha familia tatu.

Kwanza wakimbizi wenzangu. Kila asubuhi wanajaa kwenye mkahawa ulio chini ya nyumba yangu, wanaagiza kikombe kimoja cha kahawa na kukikalia mpaka adhuhuri, na kila mmoja wao alikuwa mkurugenzi kule Vienna. Sijakutana na hata mmoja aliyekuwa karani. Sijui kazi za mji ule alikuwa anazifanya nani. Wananiinamia, wananiomba, nawapa, na kabla sijafika kwenye ngazi wameshaanza kunisengenya kwamba Wottitz anatoa kwa majivuno. Ni kweli, natoa kwa majivuno. Wao wanapokea kwa majivuno, na hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Kiwanda changu kipya, kama banda lile linastahili kuitwa kiwanda, kiko nyuma ya ghala la dagaa. Vidonge vya kifua vya Wottitz, ambavyo zamani kila mwimbaji wa Vienna alikuwa navyo mfukoni, siku hizi vinanuka samaki. Wareno wanavinunua kuliko Waaustria walivyowahi kuvinunua. Sina la kusema kuhusu watu hawa.

Jumapili walifungua wodi ya watoto niliyoijenga kwenye hospitali ya masikini hapa mtaani. Wameweka kibao cha marumaru mlangoni: EMANUEL WOTTITZ, kwa herufi unazoweza kuzisoma bila miwani ukiwa ng'ambo ya barabara. Waziri alihutubia kwa muda mrefu sana kuhusu ukarimu, huku watoto wagonjwa wamesimamishwa kwenye upepo wakimsikiliza. Ningekuwa na uwezo ningemnywesha dawa ya usingizi.

Hata hivyo waziri ana faida yake, na hapa ndipo penye maana ya barua hii. Waitaliano wako Albania, yaani wako kizingitini penu hapo Ugiriki. Mumeo muuza vifungo anasema hawatavuka. Sawa, yeye ni mtaalamu wa vifungo. Mimi ni mtaalamu wa kufukuzwa, na nakwambia ukishajifungua salama mnakuja huku. Waziri ameahidi vibali kwa sharti moja: mtaishi nyumbani kwangu, chini ya paa langu, si hotelini wala kwa jirani, ili polisi wajue pa kuwapata. Hakuna tabu. Nyumba ina vyumba vinane, na mimi natumia kimoja kulala na kingine kukasirika. Mlete na mama mkwe wako, mradi asinipikie mbilingani.

Jitunze. Usinyanyue vitu vizito.

Baba yako,
Emanuel Wottitz


Saloniki, 20 Desemba 1939

Baba,

Una mjukuu wa kiume. Ana kichwa kikubwa, hana nywele, na anatutazama sote kama wafanyakazi waliochelewa kazini. Pepo alipomwona tu alisema, "Huyu si mtoto. Huyu ni mzee Wottitz, amekuja kutukagua."

Ametahiriwa siku yake ya nane, sinagogi ilijaa, na mama mkwe wangu Bulisa ndiye aliyembeba mpaka mlangoni akiwa amevaa koti lake la manyoya, jasho likimtiririka. Sasa kaa chini. Tumempa jina lako. Anaitwa Emanuel Saltiel.

Nilikuficha kwa makusudi ili likufikie lote kwa pamoja. Hapa kumpa mtoto jina la babu aliye hai ni heshima kuliko zote. Wazee wa sokoni wanamsimamisha Pepo njiani kumpongeza, wanasema babu akipata wa jina lake amepata miaka mingine ishirini. Baba, Wanazi wamekunyang'anya kiwanda, wamekunyang'anya nyumba, hata kaburi la Mama wamekunyang'anya maana huwezi kwenda kulizuru. Nilitaka uwe na kitu kimoja ambacho hakuna mtu atakayekuja na lori kukichukua. Najua utacheka. Cheka, lakini ukacheke chumbani peke yako, upate na kulia kidogo.

Tuko tayari kuja. Pepo ameanza kuuza bidhaa za duka kwa bei ya kutupa, na anajifunza Kireno, ambacho anasema ni Kihispania cha sisi Wayahudi wa hapa kikizungumzwa na mtu aliyejaza mkate mdomoni. Tuletee vibali. Na ukituandikia, mwite Pepo. Muuza vifungo ana jina.

Mwanao,
Hedi


Lisboni, 9 Januari 1940

Hedi,

Barua yako nimeipata. Nafurahi kwamba wewe na mtoto ni wazima.

Badilisheni jina. Mwite jina la babu wa upande wa pili, au la jirani, au la punda wa muuza mkaa, sijali, lakini si langu. Nendeni kwa rabi wenu, yeye atajua pa kupitia. Marabi wanajua njia ya kila kitu mtu akiwa na haraka.

Kuhusu safari, nimeiangalia nyumba tena. Ni ndogo kuliko nilivyodhani.

Nimewatumia kreti la kwinini kwa ajili ya malaria ya huko kwenu. Usinijibu kwa maneno mengi.

E. W.


Saloniki, 2 Februari 1940

Baba,

Umetaka maneno machache. Pole, umezaa mtu wa kufanana nawe.

Kwa hiyo jina lako linaweza kukaa kwenye mlango wa hospitali, linaweza kukaa kwenye kila kopo la dawa ya kikohozi kutoka Vienna mpaka Trieste, linaweza kukaa kwenye viti vya sinagogi ambayo mguu wako ulikuwa haukanyagi, lakini likikaa juu ya mtoto wa muuza vifungo linachafuka. Nimeelewa. Ungeandika hivyo tu, ungeokoa wino.

Na nyumba imekuwa ndogo. Novemba ilikuwa na vyumba vinane. Vimeliwa na mchwa? Watoto wa Wareno wana paa kwa sababu yako. Wale wakurugenzi wa mkahawani unaowadharau wanakula kwa sababu yako. Mjukuu wako peke yake ndiye aliyekosa nafasi. Mama alikuwa akisema unawapenda watu wakiwa wengi na wakiwa mbali, na mimi nilikuwa nakutetea. Nilikuwa mjinga.

Jina sibadilishi. Aliitwa hivyo mbele ya watu. Pepo alisimama pale kifua mbele akijivunia wewe, wewe ambaye hujawahi kumwandikia hata salamu. Nimemwambia kwamba umefurahi sana. Nimemdanganya mume wangu ili nikufichie aibu, na sijui nitamdanganya mpaka lini, maana rafu za duka ni tupu sasa na kila akirudi ananiuliza vibali viko wapi. Jana ndege za watu nisiowajua zimepita juu ya bandari. Bulisa alizihesabu kwa vidole kama anayehesabu kuku.

Kwinini imefika. Asante. Hospitali yoyote ingeshukuru.

Hedi Saltiel


Lisboni, 24 Februari 1940

Hedi,

Una ulimi wa mama yangu, ambaye mbwa wa Tarnów walikuwa wakivuka barabara kumkwepa. Sikasiriki.

Sina kinyongo na Pepo. Umeona, nimeandika jina lake na kalamu haijavunjika.

Nimekwenda kwa waziri kuomba mkae kwenye nyumba ya wageni ya mtaa wa pili, gharama zote juu yangu. Amekataa. Ni paa la mdhamini au basi. Nilimkumbusha kwamba mke wake alikuwa akikohoa kama farasi kabla hajakutana nami. Akasema sheria ni sheria. Tangu nifike nchi hii sijaona mtu akifuata sheria hata moja, kumbe walikuwa wananisubiri mimi.

Kwa hiyo nakuambia tena: mpe mtoto jina jingine, na kesho yake vibali vinaondoka. Usiniulize sababu. Mimi ndiye niliyechapisha vile vijitabu Vienna, unavikumbuka, vya kuwaambia akina mama wawavue watoto nyuzi nyekundu na hirizi wawape dawa. Mtu aliyeandika vile hana sababu ya kukupa.

Mtoto anakohoa? Mpime joto asubuhi na jioni, uniandikie. Analala chali au kifudifudi? Na kama lazima mumwite kwa jina hilo, msimwite madirisha yakiwa wazi.

Baba yako


Saloniki, 17 Machi 1940

Kwa Bwana Wottitz, mkwe mwenzangu,

Anayeandika ni mwanangu Pepo. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asipunguze ukali. Hedi hajui. Barua ni ya Kihispania chetu, kwa hiyo Mreno yeyote anaweza kukusomea. Mtafute asiyecheka.

Binti yako hali wala halali. Anaamini baba yake anaionea haya damu yake mwenyewe. Mimi pia niliamini hivyo, na nilikuwa nimeshakuandalia matusi mazuri. Lakini wiki hii alikuja dukani mama mmoja mkimbizi, Myahudi wa Krakow huko Poland, kutafuta uzi. Akamwona mtoto, akamsifia, akauliza anaitwa nani na jina ni la nani. Nikamwambia ni la babu yake. Akauliza, marehemu? Nikasema marehemu wapi, yuko Lisboni anauza vidonge. Basi yule mama akatema mate mara tatu kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Akasema kwao kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi mmojawapo, na wenye jina moja wakilala nyumba moja, mtoa roho akija kumfuata mzee anaweza kumbeba mtoto kwa kukosea.

Hapo nikakuelewa. Bwana mzima, mwenye viwanda, aliyewafundisha akina mama wa Vienna kutupa hirizi, anamwogopa Malaika wa Mauti asije akakosea mlango kama tarishi mlevi. Na badala ya kumwambia mwanao naogopa, unamwambia nyumba ni ndogo. Pepo hapa ameweka kalamu chini, amekwenda kunywa maji. Sasa amerudi.

Sisi huku kila babu ana wa jina lake. Wanakula sahani moja, wanagombana, na wanakufa kwa zamu kama watu wengine. Wewe ulimlea binti yako bila kumfundisha hata desturi moja, ukamwekea mti wa Krismasi sebuleni, kisha unashangaa kwamba hajui unachokiogopa. Angekijulia wapi, kwenye makopo ya dawa?

Na nikwambie jingine, ambalo Hedi naye halijui, maana anadhani ndivyo mambo yalivyo. Huku kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la baba wa baba. Mume wangu aliitwa Gedalya. Jina lake limengoja tangu siku tulipomzika, na huyu ndiye aliyekuwa mwenye nalo. Nililiweka kando mimi. Nilimwona Hedi akisoma barua zako, nikasema moyoni, mzee yule amebaki na majivuno matupu, tumpe kitu. Kutoa ni moyo, Bwana Wottitz, si utajiri. Nimekupa, na wewe hujui hata kunyoosha mkono.

Jina silirudishi. Kitu nilichokwisha kukitoa mbele ya sinagogi nzima sikichukui tena ili kumtuliza mtu mwoga. Tafuta njia yako, na uitafute upesi. Duka limekwisha, na Waitaliano hawajakwisha.

Bulisa Saltiel


Lisboni, 5 Aprili 1940

Bibi Bulisa,

Barua yako nimesomewa na mama anayeuza samaki karibu na kiwanda changu. Nilimchagua kwa sababu sijawahi kumwona akitabasamu. Alicheka kuanzia mstari wa pili, akawaita na wenzake.

Uliyoyasema ni kweli isipokuwa kuhusu Vienna. Mimi si wa Vienna. Mimi ni wa Tarnów, jirani na Krakow ya huyo mama wa uzi, mtoto wa mshona kofia, na Vienna nilijivika tu kama koti. Nilikuwa na mdogo wangu akiitwa Hersh. Msimu mmoja wa baridi alikuja kwetu mjomba wa jina hilo hilo, mgonjwa wa kifua, kila mtu akijua hamalizi mwezi. Mama alisimama mlangoni akasema asilale ndani, wenye jina moja hawalali nyumba moja. Baba akamwita mshirikina, akamwingiza mjomba. Mjomba alipona, akaoa tena. Hersh alikufa kabla theluji haijayeyuka.

Najua kilichomuua. Mjomba alimwambukiza kifua kikuu. Nimesomea kemia, nimetengeneza dawa za kifua maisha yangu yote kwa ajili ya ule ukweli, na ningeweza kukuchorea kwenye karatasi vijidudu vilivyotoka kwa yule kwenda kwa huyu. Na bado, nilipoisoma barua ya Hedi yenye jina la mtoto, niliinuka nikaenda kuufunga mlango kwa komeo. Unanidharau, lakini hunifikii mimi ninavyojidharau mwenyewe.

Habari ya marehemu mume wako sikuijua. Sina mazoea ya kupewa. Huwa mtu anasema nini? Mama wa samaki ameniambia watu husema asante. Asante.

Nipe wiki chache.

E. Wottitz


Lisboni, 26 Aprili 1940

Mwanangu Hedi,

Vibali vimo ndani ya bahasha hii, vya kwenu nyote pamoja na cha Bibi Bulisa. Mnatoka bandari ya Pireo kwa meli mpaka Napoli, na kutoka Napoli mpaka huku. Pakieni kwanza. Yaliyobaki utayasoma ukishafunga masanduku.

Sikuwa na haya na mwanao. Nilikuwa na hofu. Kwetu sisi jina la mtu aliye hai halipewi mtoto, na wawili wa jina moja hawalali chini ya paa moja, mtoa roho asije akachanganya. Hilo nililijua tangu utotoni, na nilijitahidi sana wewe usilijue. Nilitaka kumwona huyo mtoto kuliko ninavyotaka kurudishiwa kiwanda, na kila nilipowaza tukiwa wote ndani ya nyumba hii nilimsikia mtu akipanda ngazi. Nikaona afadhali unichukie kuliko unicheke. Ni ujinga, na ni wangu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mtu wetu akiwa mahututi hubadilishwa jina mbele ya wanaume kumi, ili mtoa roho akija na jina la zamani asimkute mwenyewe. Mimi si mgonjwa, lakini sikuona anayekataza. Nilikwenda kwenye sinagogi ya hapa. Wao ni watu wa desturi za mumeo, walinisikiliza kwa adabu kama unavyomsikiliza mlevi. Ikabidi nishuke mkahawani.

Nilisimama katikati ya meza nimeshika kofia mkononi. Nikasema nahitaji wanaume kumi wa kwetu, na kwamba sababu yenyewe inanitia aibu, kisha nikaieleza. Nilikuwa tayari kuchekwa mpaka vikombe vianguke. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza mtoto ana umri gani, kisha wote wakasimama na kuvaa makoti yao, na kahawa wakaiacha. Yule anayejiita mkurugenzi wa benki ndiye aliyesoma zaburi zote kwa kichwa bila kitabu. Kumbe Vienna alikuwa mfagizi wa sinagogi, na kama angeniambia hivyo tangu mwanzo ningemheshimu.

Basi siku hizi naitwa Alter. Maana yake ni mzee tu, ndilo jina analopewa mtu ambaye hatutaki afe. Emanuel ni mmoja katika ukoo huu, na bado hana meno. Watu wa hospitali wameniuliza kama wakibadilishe kile kibao. Nimewakatalia. Wodi ni ya mwanao sasa. Mwarifu kwamba ana wagonjwa arobaini na asizembee.

Mwambie Pepo hata huku watu wanafunga mashati.

Baba yako,
Alter Wottitz


Napoli, 17 Mei 1940

Baba,

Sijui nikuite nani, kwa hiyo nitabaki na Baba, hilo hujalibadilisha. Tumelala Napoli tukisubiri meli ya pili. Emanuel hana homa asubuhi wala jioni, na analala kifudifudi.

Njia nzima nimekuwa nikikukasirikia upya. Maisha yangu yote umenifundisha kwamba mwoga ni mtu asiyesoma, na wewe mwenyewe ulikuwa umejificha nyuma ya vitabu vyako ukitetemeka. Miezi mitatu nimelala nikiamini mtoto wangu anakutia kinyaa. Miezi mitatu, Baba. Neno moja tu lingetosha, na ulikuwa nalo.

Bulisa hakuja.

Alitusindikiza mpaka Pireo, na kapu la mbilingani za kukaanga zilizotiwa siki zisioze, alizokupikia kwa kukukomoa. Kibali alikuwa nacho mkononi. Tulipofika kwenye ngazi ya meli akanikabidhi mtoto akasema yeye hapandi. Pepo alilia mbele ya wachukuzi. Bulisa akasema Gedalya hana mtu wa jina lake duniani, basi angalau awe na mtu wa kumzuru kaburini, mpaka Mungu atujalie wa pili. "Mkimpata huyo mniite," akasema, "nitakuja siku hiyo hiyo, hata kwa punda." Nilimwambia nambadilisha huyu jina hapa hapa, mbele ya nahodha, awe Gedalya tumalize. Alinizaba kofi. Sijawahi kupigwa na mtu, hata na wewe.

Pepo amenieleza ndipo nikajua kwamba kwa desturi yao mtoto huyu alikuwa awe Gedalya, na mama yake akakuachia wewe nafasi. Wewe umelijua hilo tangu Bulisa alipokuandikia. Umenitumia barua nzima kuhusu jina lako, na hilo hukulitia hata mstari mmoja.

Tutafika wiki ijayo Mungu akipenda. Usije bandarini na watu wa magazeti.

Hedi


Lisboni, 13 Juni 1940

Bibi Bulisa,

Wamefika wote salama. Mtoto ana sura mbaya, ni mimi mtupu. Amenikojolea siku ya kwanza na kunitapikia siku ya pili, na hajaomba radhi. Mbilingani zako nilizila zote nimesimama, mtu mwingine hakuonja.

Pepo amepata chumba cha chini kwa ajili ya vifungo vyake, na anaingia humo mara nyingi kuliko biashara inavyotaka. Akitoka macho ni mekundu. Hedi anazungumza nami kuhusu mtoto tu. Ana haki. Nilikuwa na nafasi ya kumweleza ulichokifanya na sikumweleza, kwa sababu nilitaka siku moja tu nionekane mimi ndiye niliyetoa.

Juzi Waitaliano wameingia vitani. Wakala wa meli ameniambia hakuna tena chombo cha abiria kutoka Pireo, si cha Napoli si cha popote. Nimemwambia yeye ni mpumbavu, nikaenda kwa mwingine. Huyo naye ni mpumbavu, na wa tatu, na jana waziri mwenyewe amenionyesha ramani na kidole chake kikawa hakina pa kwenda. Mji huu umejaa wapumbavu. Iko reli ya kwenda Istanbul. Wako Waturuki, wako watu wanaopita, nimewasikia mkahawani wakitajwa kwa majina. Panda chochote kinachotembea. Kibali chako bado ni halali, nimekifanya kiongezwe muda, na chumba chako kiko karibu na jiko.

Pepo anasema kukubembeleza ni kazi bure, kwa hiyo nakutukana. Wewe ni kikongwe mkaidi. Una kiburi kuliko mimi, na mimi nilikuwa sijapata kuona mwenzangu. Umetoa jina, umetoa mwana, umetoa mjukuu, umebaki umekaa juu ya kaburi kama mtu anayelinda duka tupu. Gedalya amekufa, mama. Hawezi kufanywa lolote tena. Wewe unaweza.

Maisha yangu yote watu wamekuja kwangu kuomba, na nilikuwa nawatazama wanavyozungusha kofia mikononi, nikiwadharau. Nakuomba, Bibi Bulisa. Njoo. Nimeiandika barua hii nakala nne, na kila moja inaondoka kwa njia yake. Ikikufikia hata moja, usikae kuijibu. Njoo.

Alter Wottitz